Kichukiwacho Chenye Manufaa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu hali ya kuwa ni dhaifu, kisha akamwekea ndani ya udhaifu wake njia ya kumrejea Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wasomaji, darasa letu la safari hii halikutoka msikitini wala katika kitabu. Limetoka katika chumba cha mgonjwa, juu ya meza ndogo iliyopangwa chupa za dawa. Tumeona ni wajibu wetu kuwaletea, kwani hakuna nyumba katika miji yetu ya pwani isiyokuwa na meza kama hiyo, na hakuna miongoni mwetu mwenye ahadi kuwa hatalala mbele yake siku moja.

Tulisafiri kutoka Mombasa kwenda Machakos kumzuru mtoto wa ami yetu, ambaye amehamia huko kwa biashara ya vitambaa miaka mingi. Machakos ni mji uliotangulia Nairobi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki iliweka kituo chake hapo mwaka 1889, na misafara iliyotoka pwani ikipita hapo ikielekea bara. Kwa hivyo Mswahili wa pwani si mgeni kabisa katika vilima vile. Tulichukua zawadi kama ilivyo ada yetu: halwa ya Mombasa, tende na mahamri. Tulipozitua mbele ya mwenyeji wetu alicheka kwa huzuni, akasema, "Sheikh, mmeniletea vitu ambavyo sasa navitazama tu kwa macho."

Ndugu yetu huyu alikuwa na uzito uliopita kiasi, na juu yake kisukari na presha, na magoti yaliyokataa kumchukua. Kwa miaka sita alikuwa akisali juu ya kiti, na jambo lililomuuma kuliko yote ni kwamba paji lake la uso lilikuwa halifiki chini. Alijaribu kupunguza chakula, akapungua kisha akarejea, akapungua tena kisha akarejea zaidi. Mwishowe madaktari wa Nairobi wakamshauri upasuaji wa mfuko wa chakula, naye akakubali baada ya kuswali istikhara na kushauriana na watu wake.

Kwa asiyejua upasuaji huu, twaueleza kwa ufupi. Mfuko wa chakula hukatwa, kikabakishwa kifuko kidogo sana cha juu, kiasi cha yai la kuku. Kisha kifuko hicho huungwa na utumbo mahali pa chini zaidi, hata chakula kikaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo. Daktari wa Kimarekani, Edward Mason, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuufanya kwa ajili ya uzito, katika jimbo la Iowa mwaka 1966. Iko namna nyingine ambayo mfuko wa chakula hupunguzwa kwa urefu, ukabaki mwembamba kama ndizi. Namna zote mbili humfanya mtu ashibe kwa kidogo, tena hutengeneza mambo mengi ya mwili, na wagonjwa wengi wa kisukari huona nafuu kubwa.

Lakini baada ya kisu huja kijiko. Majuma ya mwanzo mgonjwa hali kitu ila cha maji: supu iliyochujwa, maziwa mepesi, maji kwa funda ndogo ndogo. Kisha hupandishwa kwenye rojo, kisha vyakula laini, na hukaribia miezi miwili kabla ya kurudi kwenye chakula kigumu. Vidonge vikubwa navyo huwa vigumu kumezwa wakati huo, basi mgonjwa hupewa dawa za maji. Na dawa za maji, enyi ndugu, kidonge hakizifikii kwa ubaya wa ladha, kwani kidonge hupita juu ya ulimi kama mpita njia, na dawa ya maji huingia ikaketi.

Tulimkuta katika juma la tatu. Amekonda, jambo ambalo ndilo lililotakiwa. Lakini macho yamezama na midomo imekauka, jambo ambalo halikutakiwa. Mkewe alituambia kwamba dawa anakunywa zote, saa kwa saa, na chupa zapungua kama zinavyostahili. Tukamshukuru Mungu, tukaomba dua, tukalala.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, binti yake alitujia barazani. Ni mwanafunzi wa sekondari, na yeye ndiye anayempimia babake dawa kabla ya kwenda shule. Akasema kwa sauti ya chini, "Ami, njoo uone." Akatuchukua nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha babake. Tukaona mstari wa sisimizi, mweusi, mnene, wapanda ukuta mpaka kizingiti cha dirisha, na ukutani pana michirizi ya kitu kilichoganda. Hatukuhitaji maelezo. Mgonjwa alikuwa akimwaga dawa nje kila anapoachwa peke yake.

Msichana yule alikuwa akilia. Hakumwambia mamake, kwa sababu mamake aliuza bangili zake za dhahabu ili upasuaji upate kulipwa. Hakumwambia babake, kwa sababu mtoto atamwambiaje mzazi wake, "Nimekuona"? Alikuwa na siri hiyo siku nne.

Tuliingia chumbani tukafunga mlango. Hatukumkemea. Tulimwambia tu, "Ndugu yetu, sisimizi wamekusengenya." Alinyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo tumekuja nayo mpaka Mombasa: "Sheikh, kisu nimekivumilia. Kijiko kimenishinda."

Kisha akatueleza. Chupa zilizompa taabu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa dawa ya maumivu, tamu kupita kiasi. Kila akiinywa, haipiti robo saa ila moyo wamwenda mbio, jasho lamtoka, kichwa chazunguka, tumbo lavuruga mpaka akimbilie chooni. Ya pili ilikuwa dawa ya madini ya chuma, yenye ladha ya msumari uliolala na kutu, ikimkaa kinywani mpaka adhuhuri na kumtia kichefuchefu. Alidhani yote mawili ni jambo moja, yaani udhaifu wa imani yake na kukosa subira. Akaona haya kumwambia mke aliyeuza dhahabu yake kwamba hawezi kumeza kijiko cha maji. Basi akawa anamwaga zote mbili, na usiku anamwomba Mungu msamaha.

Tukampigia simu daktari wake pale pale. Aliposikia habari ya moyo kwenda mbio na jasho, hakushangaa hata kidogo. Alisema ni sukari. Mtu aliyepasuliwa namna hii, sukari nyingi humshuka kwa ghafla kutoka katika kile kifuko kidogo mpaka utumboni, na mwili ukataharuki. Akatuuliza dawa ile ilitoka wapi. Ilikuwa imenunuliwa katika duka moja la dawa, na aliyetumwa hakusema kwamba mgonjwa amepasuliwa mfuko wa chakula, na muuzaji hakuuliza. Siku ile ile ikabadilishwa ikaletwa isiyo na sukari, na mambo yale yakakoma. Ama ile ya chuma, daktari alisema: hiyo ni chungu, nayo haina budi. Sehemu ya utumbo ambayo chakula sasa kinairuka ndiyo hasa ilikuwa ikinyonya chuma, kwa hivyo asipokunywa damu yake itapungua. Namna yake yaweza kubadilishwa baadaye, lakini haja yake haitaondoka maisha yake yote.

Chupa mbili, basi, na hukumu mbili. Moja ilichukiwa kwa haki, na nyingine ilichukiwa kwa ladha tu. Mgonjwa peke yake, katika kificho chake, hakuweza kuzitenganisha. Hapa ndipo penye darasa letu, na Sunna ya Mtume wetu (s.a.w.) imetangulia katika mlango huu kwa pande zote mbili.

Ama upande wa kwanza, imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiamrisha watu wa nyumba yenye mgonjwa au msiba wapike talbina, nao ni uji mwembamba wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Na katika mapokezi mengine Bibi Aisha aliusifu uji huo kwa sifa mbili zilizokutana mahali pamoja: kwamba unachukiwa, na kwamba una manufaa. Tazameni uadilifu wa Mama wa Waumini. Hakumwambia mgonjwa, "Uji huu ni mtamu, wewe wajidekeza." Alikiri kwamba mgonjwa anauchukia, wala kuchukia kwake hakukumfanya auondoe mbele yake. Na Mwenyezi Mungu ametufundisha asili ya jambo hili katika Suratul-Baqara, aya ya 216, kwamba yawezekana nafsi zetu zikakichukia kitu na kheri yetu imo ndani yake. Mtu aliyelelewa kwa mwarobaini hapaswi kuona ajabu kwamba shifa yaweza kuwa chungu.

Ama upande wa pili, imepokewa pia katika Bukhari, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, watu wa nyumba walimtia dawa kwa upande wa kinywa. Akawaashiria wasifanye. Wao wakaambizana kwamba hiyo ni ile karaha tu ambayo kila mgonjwa huwa nayo kwa dawa, wakaendelea. Alipopata nafuu aliwalaumu kwa kutomsikiliza, na akataka kila aliyekuwamo chumbani atiwe dawa ile ile mbele yake, ila ami yake Abbas, kwa kuwa hakushuhudia tendo lile. Basi jueni kwamba neno "ni karaha ya mgonjwa tu" limekwisha kusemwa mbele ya kitanda kitukufu kuliko vitanda vyote, na wasemaji wake walikuwa watu wenye mapenzi, nao wakalaumiwa. Mgonjwa akikataa, kwanza asikilizwe.

Tukiziweka hadithi hizi mbili pamoja, twapata mizani iliyo sawa. Mgonjwa hana ruhusa ya kuiacha dawa kwa sababu ni chungu. Na watu wake hawana ruhusa ya kudhani kwamba kila akataalo ni uchungu tu. Mgonjwa aseme, na watu wasikie. Wahenga wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi twaongeza: na mficha kuchukia dawa, vile vile.

Wengine watatuuliza, subira iko wapi? Twajibu kwamba subira si kufumba kinywa na kuteseka peke yako. Subira ni kushikamana na lililo sawa mpaka litimie, na kila njia ya halali inayokusaidia kushikamana nalo ni sehemu ya subira hiyo. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kufanya wepesi wala si uzito. Nao matabibu wa Kiislamu wa zamani waliifahamu amri hii hata katika dawa: walizipika dawa zao pamoja na maji ya matunda na asali na sukari ili koo la mgonjwa lizikubali, wakaziita sharabu. Kutokana na neno hilo sisi tumepata sharubati, na Wazungu wamepata jina lao la dawa tamu ya maji, sirapu. Kutafuta wepesi wa kumeza, basi, ni mirathi yetu, wala si udhaifu.

Na wala tusidhani kwamba tiba ya uzito kwa vitu vya maji ni jambo lililozuliwa juzi. Katika karne ya 10, mfalme Sancho wa Leon katika nchi ya Uhispania aling'olewa katika ufalme wake mwaka 958, kwa kuwa unene ulimzuia hata kupanda farasi. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, akaomba msaada kwa Khalifa Abdul-Rahman wa Tatu huko Qurtuba. Khalifa, Mwislamu, akamkabidhi mgonjwa Mkristo kwa tabibu wake Myahudi, Hasdai bin Shaprut, naye akamtibu kwa mashurubu na kumnyima chakula kigumu mpaka akakonda, na mwaka 960 akakirudia kiti chake. Tumeitaja habari hii ili aliyepasuliwa leo asione kwamba yu peke yake duniani katika taabu ya kunywa asichokipenda. Wafalme wamekipitia kijiko hicho.

Sasa tuyataje mambo ambayo daktari na mfamasia walimwelekeza ndugu yetu, na ambayo tuliyaona yakimsaidia kwa macho yetu. Twayaandika kwa ajili ya nyumba zenye mgonjwa wa namna hii, kwa sharti kwamba kila mmoja amuulize daktari wake kwanza, kwani miili si sawa.

La kwanza, dawa isinywewe kwa kikombe wala kwa kijiko cha jikoni. Vijiko vya jikoni havilingani, na kipimo cha dawa ni amana. Itumike bomba ndogo ya plastiki isiyo na sindano, yenye alama za kipimo. Ncha yake iwekwe ndani ya shavu, upande wa nyuma, dawa isukumwe polepole. Hivyo haimwagiki juu ya ulimi wote, na dawa ya chuma haigusi sana meno, kwani huyatia weusi.

La pili, baridi hupunguza ladha. Dawa iruhusiwayo kuwekwa katika friji na iwekwe, na mgonjwa afyonze kidonge cha barafu kabla ya kunywa, ulimi upate kufa ganzi kidogo. Baada yake asukutue kwa maji.

La tatu, dawa isichanganywe katika bilauri iliyojaa maji au supu. Tumbo dogo halitaimaliza bilauri, na isipomalizwa hakuna ajuaye dawa kiasi gani imeingia. Bora tabu fupi iliyopimwa kuliko tabu ndefu isiyojulikana.

La nne, kila kinywaji kinywewe kwa funda ndogo, kwa utulivu, mtu akiwa ameketi. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akinywa kwa pumzi tatu, wala hakumimina kwa mara moja. Mgonjwa huyu amelazimishwa na mwili wake kuifuata Sunna ambayo sisi wazima tumeipuuza. Na akiupika ule uji wa shayiri, wakati wake ukifika, asiutie asali wala sukari.

La tano, dawa zipewe nafasi. Dawa ya chuma isifuatane na chai wala maziwa, na isikutane na dawa ya chokaa ya mifupa. Kati yake zipite saa mbili. Na vidonge visisagwe kiholela ili viwe vya maji. Viko vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, au vilivyovikwa ganda kwa makusudi, na kuvisaga ni kuviharibu, na huenda ikawa ni hatari. Aulizwe mfamasia, moja moja.

La sita, kila anayeingia duka la dawa kwa ajili ya mgonjwa huyu aseme wazi: "Mgonjwa wangu amepasuliwa mfuko wa chakula." Neno hili moja lingaliwaokoa watu wetu wa Machakos na siku nne za mateso. Kwalo ataulizwa habari ya sukari. Na kwalo ataonywa asichukue dawa za maumivu za jamii ya aspirini na ibuprofeni bila ya idhini ya daktari, kwani huweza kutia vidonda pale palipoungwa.

La saba, ziko hali zisizongoja subira wala hila. Mgonjwa akitapika bila ya kukoma, au akapata homa, au moyo ukimwenda mbio hali ametulia, au maumivu ya tumbo yakizidi, apelekwe hospitali saa ile ile. Kutapika kukiendelea kwa siku nyingi, mwili hupungukiwa na vitamini ambazo mishipa ya fahamu yazihitaji, na madhara yake yaweza kubaki.

Wako pia wanaoacha dawa za maji kwa shaka ya dini, wakisikia kwamba baadhi yake hutiwa spiriti ili dawa iyeyuke. Shaka hii ni ya kuheshimiwa, lakini dawa yake si dirisha. Amuulize mfamasia, na mara nyingi atapata nyingine isiyokuwa nayo. Asipopata, na daktari mwaminifu akasema hakuna badala, na awaulize wanavyuoni, kwani wengi wao katika zama zetu wamelitazama jambo hili kwa jicho la dharura na haja. Linalokatazwa ni mtu kujitolea fatwa mwenyewe, gizani, kisha akadhoofika. Na vivyo hivyo Ramadhani ikimkuta angali anahitaji maji kwa funda mchana kutwa: Mola wake amempa ruhusa ya mgonjwa katika Qur'ani, na kuikataa zawadi ya Mola si uchamungu.

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi tusiokuwa wagonjwa. Tulipokuwa pale walikuja wageni wengi. Mmoja alisema, "Angefunga Jumatatu na Alhamisi asingehitaji kukatwa." Mwingine alikuja na sahani ya biriani, akamwambia, "Onja kidogo tu, usiwe mtumwa wa madaktari." Wa tatu alimnong'oneza aache chupa zile anywe kombe, maana kombe halina ubaya wa ladha, lina harufu ya marashi na zafarani.

Kwa wa kwanza twasema: uzito uliopita kiasi ni maradhi yenye sababu nyingi, zikiwamo za kurithi, na mtu huyu amefunga zaidi kuliko yeye anayemlaumu. Kwa wa pili twasema: Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwanadamu hajapata kujaza chombo kilicho kiovu kuliko tumbo lake, basi ni mapenzi gani haya ya kumjazia ndugu yako chombo kilichoshonwa jana? Na kwa wa tatu twasema: twaiamini baraka ya Qur'ani, na kumsomea mgonjwa ni Sunna, lakini yule yule aliyeteremshiwa Qur'ani ndiye aliyewaamrisha watu kujitibu, na akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia shifa. Basi msomee ndugu yako kwa ulimi wako, kisha mshikie bomba ya dawa kwa mkono wako. Anayesema "chagua moja" amezigombanisha rehema mbili za Mola mmoja.

Tuliondoka Machakos siku ya tatu. Kabla ya kuondoka, ndugu yetu alimwita mkewe na bintiye akawaambia yote mwenyewe, habari ya dirisha na sisimizi. Mkewe alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Bangili ni chuma tu, Baba Fulani. Ulinificha nini?" Wakapanga tangu siku ile kwamba dawa ile chungu hainywi peke yake. Binti hushika bomba, mama hushika barafu, na mgonjwa husema "Bismillahi" kwa sauti. Akishindwa, husema "Leo imenishinda," wakangoja dakika kumi, wakaanza tena. Hakuna anayekemea, na hakuna anayemwaga.

Miezi imepita sasa. Amekwisha kurudi kwenye chakula laini na kigumu kwa vipimo vyake, na dawa ya chuma angali anainywa, na angali anaichukia. Hatukuambiwa kwamba ameipenda, wala hatuamini kwamba ataipenda. Juma lililopita alitupigia simu baada ya sala ya isha. Hakutoa salamu ndefu. Alisema, "Sheikh, leo nimesujudu chini." Kisha sauti ikakatika, na sisi hatukuongeza neno.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape ulimi wa kusema yanayowasibu, na utupe sisi masikio ya kuwasikia. Utujaalie tukinywe kwa ridhaa kila kichukiwacho ulichokitilia manufaa. Amin.